Krono inasema hivi, karatasi inasema vile: kutafuta kosa unapopima risasi kwa kasi na umbali tofauti

Jumamosi za renji (uwanja wa kulenga shabaha), kabla chai haijapoa, lazima aje mtu na karatasi yake ya shabaha mkononi kama anayepeleka kesi kwa chifu. "Mzee, hizi risasi nimeuziwa ni mbovu." Naitazama karatasi, naitazama krono yake (kifaa cha kupima kasi ya risasi), namuuliza maswali mawili matatu. Kwa kawaida boksi la risasi huondoka bila hatia.

Nimekusanya hapa malalamiko yanayorudi kila mara kwenye renji yetu nje ya Nakuru, na mengine niliyoletewa na watu wa Kisumu na Kitale. Nazungumzia bunduki za kulenga shabaha, hasa kaliba .22 na .308, zenye risasi za kiwandani, mikononi mwa mwenye cheti na kwenye renji iliyoidhinishwa. Kujijazia risasi nyumbani simo. Wala simo katika habari za risasi kupanuka ndani ya nyama; uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayetaka kujadili swala ameshachelewa. Kwetu sisi ubora wa risasi ni mambo matatu: inaondoka kwa kasi gani, kasi hiyo inabadilika kiasi gani kutoka risasi hadi risasi, na matundu yanakaa wapi kwenye karatasi.

Mpangilio wangu wa kukagua ni huu: kipimo kwanza, kisha hewa, kisha bunduki, kisha wewe mwenyewe, na risasi mwisho kabisa. Si kwamba risasi hazikosei. Ni kwamba cheti chako kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa, bei yake unaijua, na kila moja unayopiga ukifukuza kosa lisilokuwepo hairudi.

Krono haisomi, au inasoma vichekesho

Juzi kijana mmoja alisoma mita 612 kwa sekunde, halafu 1,140, halafu kimya, kwa boksi moja la .308. Hakuna boksi lenye uchawi wa namna hiyo. Kosa liko kwenye kronografu, na mkosaji wa kwanza ni mwanga.

Krono ya kawaida, ile ya vihisi viwili, huona kivuli cha risasi kikipita juu ya kihisi cha kwanza na kisha cha pili, ikahesabu muda ulio kati yake. Nakuru iko chini ya ikweta kwa kiduchu tu. Saa sita mchana jua liko utosini, na mwezi wa Machi au Septemba linaangalia moja kwa moja ndani ya vihisi. Kivuli kitaonekana vipi? Dawa ni kufunga vile vipande vyeupe vinavyokuja na krono, vya kuchuja mwanga. Kama vilipotea, tandaza kitambaa cheupe cha pamba juu ya fito zake. Nilitumia leso ya mama watoto msimu mzima na krono haikulalamika (yeye alilalamika). Rahisi zaidi ya hapo ni kupima kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mawingu yanayopita haraka nayo huvuruga: ukiona namba zinaruka kila wingu linapofunua jua, ngoja.

Baada ya mwanga, betri. Badilisha, usibahatishe.

Baada ya betri, umbali kutoka kwenye mdomo wa mtutu. Ukiiweka karibu mno, moshi na mtikisiko wa hewa hufika kwenye vihisi na kuhesabiwa kama risasi. Mita 3 hutosha kwa .22, kwa .308 isogeze hadi mita 4 au 4 na nusu. Kisha itazame kwa ubavu: je, imelala sambamba na njia ya risasi? Ikiinama nyuzi 5, inapunguza usomaji kwa karibu asilimia 0.4, yaani mita 3 kwa sekunde kwa .308. Si nyingi, lakini kuna watu wanagombana juu ya mita 3.

Krono za rada hazijali jua. Malalamiko yake karibu yote ni mawili: haikuelekezwa vizuri kwenye shabaha, au inaamshwa na mlio wa jirani wa benchi la pili. Zile zinazofungwa mdomoni mwa mtutu zina tabia yake: uzito wake hubadilisha mtikisiko wa mtutu, matundu yakahama. Kwa hiyo usipime kasi na kundi la matundu kwa wakati mmoja ukiwa nayo. Na ukanda wake ukilegea, acha kupiga papo hapo, maana kinachofuata ni risasi kupita katikati ya kifaa.

Kabla ya kurudi kwenye .308, piga .22 tatu unazozijua kasi yake. Zikisomeka vizuri, krono imepona. Na mtu asitembee mbele kurekebisha chochote hadi msimamizi wa renji atangaze kusimama na boliti zote (vile vyuma vya kufungia chemba, mahali risasi inapokaa) ziwe wazi. Nimeona krono mbili zikipigwa risasi. Moja ilikuwa yangu.

Kasi iko chini ya ile iliyoandikwa kwenye boksi

Hili lina majibu mafupi. La kwanza ni mtutu. Viwanda vingi hupima .308 kwa mtutu wa inchi 24. Wako ni wa inchi 18 au 20. Kila inchi iliyokosekana hula karibu mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Ukikosa mita 35 na mtutu wako ni mfupi kwa inchi 5, hakuna kesi.

La pili ni baridi. Baadhi ya baruti hubadilika karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi 1 ya joto. Nakuru asubuhi ya Julai ni nyuzi 10 au 11. Mchana ni 25. Pima risasi za asubuhi na za mchana, halafu uziandike kama kundi moja, na utajitengenezea tofauti ya mita 7 isiyo ya risasi.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari Kisumu saa nane mchana linapata joto la jiko. Shinikizo ndani ya ganda hupanda pamoja na kasi. Risasi ziwekwe kivulini, ndani ya boksi lake, chini ya benchi. Boliti ikianza kuwa ngumu kufunguka siku ya joto, ruka hadi sehemu ya mwisho ya makala hii, usome kabla ya kupiga nyingine.

Risasi 5 zimenipa mtawanyiko mdogo ajabu

Namba ambayo krono huandika kama SD, ile ya kuonyesha kasi inavyotawanyika, hupendwa kupita kiasi. Mtu anapiga 5, anapata mita 6, anatangaza amepata boksi la dhahabu. Wiki inayofuata anapiga 5 nyingine za boksi lile lile, anapata 13, anaanza kusafisha mtutu, kubadilisha skrubu, kulaumu muuzaji.

Hakuna kilichoharibika. Kwa risasi 5 tu, SD ya 6 maana yake ni kwamba mtawanyiko wa kweli unaweza kuwa popote kati ya karibu 3 na nusu na 17. Kwa risasi 20 wigo huo unabana: kati ya 4 na nusu na karibu 9. Ushauri wangu kwa mwenye risasi chache ni kuunganisha: piga 5 kila Jumamosi, hali ya hewa ikiwa karibu sawa, uandike zote kwenye daftari moja, na baada ya Jumamosi nne ndipo uanze kuwa na maoni.

Kundi linarefuka juu-chini

Hapa ndipo risasi husingiziwa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo hesabu ndogo ya kalamu huokoa pesa.

Tuseme kasi inabadilika kwa mita 10 kwa sekunde, ambayo ni nyingi. Kwa .308 inayoondoka karibu mita 800 kwa sekunde, mabadiliko hayo yanasogeza tundu kwa milimita 2 hivi kwenye mita 100. Milimita mbili. Kundi lako lina urefu wa sentimita 6. Risasi haiwezi kubeba lawama hiyo hata ikitaka. Kwenye mita 300 mabadiliko yale yale hufika sentimita 2 na kidogo. Hapo sasa anza kuisikiliza krono.

Kwa .22 mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu inakwenda polepole na inaanguka sana. Mita 10 za kasi kwenye .22 ya mita 325 kwa sekunde ni milimita 7 au 8 kwenye mita 50, na sentimita 3 kwenye mita 100. Kwa hiyo .22 yenye kundi refu mita 100 inaweza kuwa na risasi za ovyo kweli, wakati .308 yenye ugonjwa huo huo mita 100 karibu hakika ina shida mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Anza na mifuko ya mchanga. Kitako kikikaa juu ya mfuko laini leo na mgumu kesho, bunduki inaruka tofauti. Tazama kama mfuko wa mbele umekaa chini ya mbao (ule mwili wa bunduki unaobeba mtutu) na si chini ya mtutu wenyewe. Kisha pumzi na bega: mgandamizo wa bega ukibadilika, matundu hupanda na kushuka. Mpe mwenzako apige 5. Kundi likijikusanya mikononi mwake, umeshapata jibu, na si jibu tamu. Afande mmoja mstaafu alikataa jaribio hili kwa mwezi mzima. Siku aliyokubali, msichana wa miaka 23 kutoka Kitale alipiga kundi la kufunikwa na sarafu ya shilingi 20, kwa bunduki ya afande, kwa risasi za afande. Alicheka, mzee wa watu, akanunua chai ya wote.

Kama mwenzako naye anapata kundi refu, njoo kwenye bunduki, ikiwa tupu na boliti nje. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao ya chini. Kikikwama njiani, mbao inagusa mtutu, na mtutu ukipata moto mguso unabadilika. Angalia skrubu za mbao, kisha za darubini. Usizikaze kwa hasira. Tumia spana yenye kipimo cha mkazo na ufuate karatasi ya mtengenezaji. Skrubu za pete za darubini kwa kawaida hazizidi nyutoni mita 2, na waliozikaza kwa nguvu za kufunga gurudumu la pikapiki wameponda mwili wa darubini.

Kuchonga mbao ili isiguse mtutu, au kuilaza bunduki upya ndani ya mbao yake, si kazi ya kisu cha jikoni. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni.

Kundi la mita 50 ni zuri, la mita 100 limevunjika

Kwenye .22 tatizo hili lina sababu nzuri kuifahamu. Risasi ya kasi kubwa huondoka karibu mita 380 kwa sekunde, juu ya mwendo wa sauti. Kabla haijafika mbali, karibu na mita 50, hushuka chini ya mwendo huo, na wakati wa kuvuka hewa huisukasuka. Ile ya kasi ya kawaida, karibu mita 325 hadi 330, haivuki chochote. Imeanza chini na inabaki chini. Ndiyo maana walenga shabaha wa .22 hununua risasi ya polepole kwa makusudi. Na kuna kitu watu hukataa kuamini hadi waone: risasi ya kasi kubwa hupeperushwa na upepo zaidi ya ile ya polepole, kwa sababu inapoteza mwendo mwingi zaidi njiani.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Simama nyuma ya mstari na masikio yako yamezibwa vizuri, usikilize. Juu ya mwendo wa sauti kuna mpasuko mkali kama fimbo ikikata hewa; chini yake kuna mlio mzito tu. Mwendo wa sauti wenyewe hutegemea joto: kwa nyuzi 12 ni karibu mita 339 kwa sekunde, kwa nyuzi 27 ni karibu 348. Risasi iliyoandikwa mita 343 inaweza kupasua hewa ya Nakuru saa moja asubuhi, na mchana ikapita kimya kimya. Boksi moja, siku moja, tabia mbili. Ukikuta makundi mazuri mchana na mabaya asubuhi, jaribu boksi la kasi ndogo zaidi kabla ya kugusa bunduki.

Sababu nyingine: upepo (Kisumu mchana unavuma kutoka ziwani, na bendera ya renji si pambo), na darubini isiyorekebishwa kwa umbali huo. Kwa hili la pili, tuliza bunduki kwenye mifuko, usiiguse, usogeze kichwa kidogo kushoto na kulia. Msalaba wa ndani ya darubini ukitembea juu ya shabaha, jicho lako linakudanganya kila unapobadilisha mkao.

Matundu hayalingani na programu ya simu

Ndugu mmoja kutoka Kisumu alikuja na programu ya kukokotoa mapito ya risasi, akaijaza kila kitu: uzito, kasi, urefu wa darubini. Risasi zake zikawa zinapiga juu ya alipoambiwa, na kadiri shabaha ilivyokuwa mbali ndivyo kosa lilivyokua. Alikuwa ameshaamua kwamba kiwanda kimedanganya umbo la risasi.

"Shinikizo la hewa umeandika ngapi?"
"Milibari 1,016. Nimetoa kwenye programu ya hali ya hewa."

Ndiyo hiyo. Programu za hali ya hewa hutoa shinikizo lililorekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na shinikizo halisi linalogusa risasi ni karibu 815. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni kati ya 885 na 890. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita. Hewa hiyo inaizuia risasi kwa kiasi kidogo, kwa hiyo inafika na kasi zaidi, inapiga juu. Kwa .308 kwenye mita 300 kosa ni sentimita chache, unaweza kulimeza. Kwenye mita 500 linakaribia au kuvuka sentimita 10.

Weka shinikizo halisi la mahali ulipo, au weka mwinuko peke yake uache programu ikadirie. Usiweke vyote viwili, maana nyingine hurekebisha mara mbili. Kama bado hailingani, rudi kwenye kasi uliyopima wewe, si ya boksi. Kisha pima umbali wa shabaha kwa utepe. Vigingi vya renji vilipigwa na binadamu. Kisha jaribu darubini: zungusha kirekebishi chake mibofyo 40 juu, piga, rudisha 40 chini, piga. Ukikosa kurudi ulikotoka, darubini ndiyo mgonjwa.

Tundu lina umbo la risasi iliyolala

Tundu safi ni duara. Ukiona umbo la tundu la ufunguo, risasi ilifika ikiwa imepinduka.

Kama bunduki ina kifaa kilichofungwa mdomoni, acha kupiga sasa hivi. Huenda kimelegea na risasi inakigusa ikitoka. Hicho si cha kujaribu "moja tu ya mwisho".

Kama haina, tazama ukingo wa mdomo wa mtutu kama umechubuka, halafu uchafu wa madini ya risasi ndani. Safisha kutokea upande wa chemba, si mdomoni. Baada ya hapo ndipo uulize kama risasi ni ndefu mno kwa msokoto wa mtutu (ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi): .223 ya greni 77 (kipimo cha uzito wa risasi) kwenye mtutu unaozungusha mara moja kwa inchi 12 haitatulia. Hewa nyepesi husaidia risasi kutulia, kwa hiyo iliyo ukingoni inaweza kufanya vizuri Nakuru na kupinduka ukishuka nayo pwani.

Mlio hafifu, mlio uliochelewa, boliti ngumu

Hapa hakuna uchunguzi wa kuendelea nao.

Ukivuta na kusikia "kli" bila mlipuko, acha bunduki ikielekea shabaha, usifungue boliti, hesabu polepole sekunde 30 angalau; sheria ya renji yako ikisema zaidi, fuata hiyo. Baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa.

Ukisikia "puf" badala ya mlio wake, au msukumo hafifu begani usio wa kawaida, na krono ikanyamaza, chukulia kwamba risasi imekwama ndani ya mtutu. Nyingine ikipigwa nyuma yake hupasua mtutu. Mwite msimamizi. Bunduki ikishakuwa tupu na boliti nje, atazame kutokea upande wa chemba kama mwanga unapita. Asitazame mdomoni kamwe.

Ukiona fataki (kile kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) imetoboka au imetandazika hadi ukingoni, ganda limepasuka, au boliti inahitaji kupigwa na kiganja ili ifunguke, shinikizo limezidi. Weka kando boksi zima, tenga maganda uliyokwisha kupiga, andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi, na upeleke vyote pamoja na bunduki kwa fundi aliyesajiliwa. Muuzaji naye aonyeshwe namba hiyo, maana wenzako wanaweza kuwa na boksi la toleo lile lile.

Risasi iliyokwama haisukumwi nje na wewe. Kuna aliyejaribu, kwa fimbo ya chuma ya kusafishia na nyundo ya seremala, nyumbani jioni. Risasi ilitoka, ni kweli. Ilitoka pamoja na mikwaruzo kwenye michirizi ya ndani yenye urefu wa kidole, na mtutu ule haujapiga kundi tangu siku hiyo, kwa risasi ya boksi lolote.